Nusu krediti ya mazoezi ya viungo kwa kijana anayesomea nyumbani na hapendi michezo (Bukavu)

Mama_wa_Muhumba

Jambo kwenu wote. Naomba msaada wa wanaojua mambo haya.

Kijana ana miaka 15, anasomea nyumbani kwa programu ya mbali ya Marekani. Kabla ya diploma programu inadai nusu krediti ya mazoezi ya viungo, na kwao nusu krediti ni masaa 60. Mwalimu hawatoi. Wanataka daftari la mazoezi, maelezo mafupi ya kozi na pointi za mwisho.

Si mgonjwa, lakini mpira haumwingii kabisa. Dakika tatu za kukimbia hazimalizi, na watoto wa jirani wakimtazama anarudi ndani. Parseli (kiwanja chetu) iko kwenye mteremko, mahali tambarare ni kama mita 4 kwa 3 tu. Pesa ya jimu au ya kocha hakuna. Tuanzie wapi? Kazi za nyumbani, kama kuchota maji, zinahesabiwa? Pointi zinatolewaje kwa mtoto asiye na kipaji cha michezo? Na siku akirudi masomo ya hapa Kongo, masaa haya yatamfaa?

Mwalimu_wa_viungo_Kadutu

Mama, tuanze na hesabu, maana masaa 60 yakitajwa kwa mkupuo yanamtisha mtoto. Ni dakika 3,600. Mkiyagawa kwa wiki 36 za mwaka wa masomo, ni dakika 100 kwa wiki: vipindi vinne vya dakika 25. Mkitaka kumaliza kwa wiki 30, ni dakika 120, yaani vinne vya nusu saa. Msifanye vipindi viwili virefu vya saa nzima. Kijana asiyezoea anaumia misuli siku mbili baada ya kipindi kirefu, kipindi cha pili kinamkuta bado anauma, na kufikia wiki ya tatu ameacha.

Kabla ya siku ya kwanza iandikieni programu, na jibu lao mlitunze. Ulizeni: je, kutembea na mazoezi ya nguvu ya nyumbani yanakubaliwa, au lazima mchezo wenye sheria? Masaa ya nadharia yanaruhusiwa mangapi? Nani anasaini daftari? Msidhani kila mahali ni sawa. Jimbo la New York, kwa mfano, linahesabu yuniti moja kuwa dakika 6,480 kwa mwaka, na mtoto anayesomea nyumbani huko kuanzia darasa la 9 hadi la 12 anatakiwa yuniti 2 za mazoezi ya viungo. Hiyo ni mbali sana na masaa 60 yenu. Kinachowahusu ninyi ni maandishi ya programu yenu, si ya jirani.

Sasa mazoezi yenyewe. Bukavu imewapa kitu ambacho watu wa mji tambarare wanalipia: mupando, yaani njia ya mwinuko. Kijana asiyeweza kukimbia anaweza kupanda, na kupanda kwa mwendo wa kawaida kunapandisha mapigo ya moyo bila kukimbia. Tafuteni kipande cha mupando kinachochukua kama dakika mbili kwa mwendo wake, karibu na nyumba, kisicho na pikipiki nyingi. Kipindi kinakwenda hivi: dakika 5 za kutembea polepole mahali pasipo mwinuko mkali, kisha kupanda dakika mbili na kushuka taratibu dakika tatu, mara tatu, halafu dakika 5 za mwisho za kutembea mpaka pumzi irudi. Jumla dakika 25. Baada ya wiki tatu ongezeni mara ya nne, na kushuka kuwe kwa haraka kidogo ili muda usizidi sana. Kasi ya kupanda msiiguse bado.

Jinsi ya kujua kama anafanya vya kutosha: akiwa anapanda, aseme sentensi nzima. Akiweza kusema lakini hawezi kuimba, kiasi ni kizuri. Akiweza kuimba, anatembea sokoni. Akitoa neno moja moja, amezidisha kwa mwezi huu wa kwanza. Mnaweza pia kushika mshipa wa shingo au wa mkono sekunde 15. Mapigo 30 hadi 36 (yaani 120 hadi 144 kwa dakika) yanamfaa mwanzoni.

Kuhusu watoto wanaomtazama: saa kumi na mbili na nusu asubuhi kuna mwanga na njia haina kelele. Abebe begi mgongoni. Anayepanda na begi watu wanamwona kama mtu anayekwenda kazini, hakuna anayegeuka. Siku mbili kwa wiki atoke hivyo, siku nyingine mbili abaki ndani ya parseli kwa mazoezi ya nguvu. Mita 4 kwa 3 zinatosha kabisa.

Ya nguvu ni haya. Kukaa na kusimama kwenye kiti bila kushika, mara 8. Pompaji (push-up) za mikono juu ya meza, mara 8. Mwili unyooke toka kisigino hadi kichwa, na meza iegemezwe ukutani isiteleze. Kulala chali magoti yamekunjwa na kuinua nyonga, mara 10. Kubeba bidoni (madumu) mbili za lita 5, moja kila mkono, kwenda na kurudi hadi atimize kama mita 40. Apumzike dakika moja hadi moja na nusu, arudie mzunguko wote mara tatu. Pamoja na kupasha mwili mwanzoni, ni dakika 25.

Lini kuongeza? Akifikisha 12 katika mizunguko yote mitatu, na za mwisho zikafanana na za kwanza. Hapo msiongeze idadi, ongezeni ugumu: mikono ishuke toka meza hadi kiti, kutoka kiti hadi kipandio cha ngazi, mwisho chini. Wengi wanakosea hapa. Baba anamwambia mtoto apige pompaji 20 chini siku ya kwanza, mgongo unabonyea, mabega yanauma, na mtoto anaandika moyoni kwamba yeye ni dhaifu. Na tafadhali, pompaji zisiwe adhabu ya kosa lolote nyumbani. Mtoto aliyeadhibiwa kwa zoezi hatalipenda tena.

Kine_Goma

Mwalimu amesema vizuri. Naongeza upande wa mwili, maana kijana wa miaka 15 bado anakua.

Kupanda hakuumizi, kushuka ndiko kunaumiza. Kwenye kushuka misuli ya mbele ya paja inafanya kazi huku inavutwa, na hiyo ndiyo inayoleta maumivu yanayoanza kesho yake na kumalizika baada ya siku chache. Ni ya kawaida. Hatua fupi, magoti yasikakamae, asiruke. Miezi ya mvua, Septemba hadi Mei kwenu, udongo mwekundu unateleza kama sabuni. Baada ya mvua kubwa mbaki kwenye njia ya mawe au ya saruji, na msipite chini ya kingo zinazomomonyoka.

Maumivu ya kusimamisha kazi ni mengine. La kwanza, uvimbe mgumu unaouma chini kidogo ya kifuniko cha goti, pale kano ya goti inapoingia kwenye mfupa wa muundi. Unawapata vijana wanaorefuka haraka. Dawa yake ni kupunguza kuruka na kushuka kwa wiki kadhaa. Kutembea tambarare na mazoezi ya mikono yaendelee. La pili, maumivu ya ukingo wa ndani wa muundi unapoubonyeza, ambayo mara nyingi yanatokana na kuongeza haraka au viatu vilivyokufa. Kifua kubana, kizunguzungu au kuzimia wakati wa zoezi ni daktari moja kwa moja, hakuna kusubiri.

Viatu: mtumba unafaa, lakini vikunje kabla ya kulipa. Kiatu kizuri kinakunjika pale vidole vinapokunjika. Kikikunjika katikati ya unyayo, au gundi ikitoa unga, kiacheni. Kisigino kilicholiwa upande mmoja kitampeleka mguu upande huohuo.

Mkiwa na mtoto wa SS (mwenye ugonjwa wa selimundu) katika familia, mambo yanabadilika. Anaweza kufanya mazoezi mepesi, ila kwa ruhusa ya daktari anayemfuata, kwa vipindi vifupi vyenye mapumziko mengi, anywe maji kabla, katikati na baada, asifanye hadi kuchoka kabisa, asioge maji baridi mara baada ya jasho. Baridi, kiu na uchovu vinaweza kuleta krizi, yaani maumivu makali ya ghafla. Mwenye asma awe na pampu yake mfukoni, si nyumbani. Na mwenye malaria apumzike mpaka homa iishe na hamu ya kula irudi, kisha aanze na nusu ya kiasi cha zamani. Siku za ugonjwa ziandikwe kwenye daftari kuwa za ugonjwa, msizijaze kwa uongo.

Hili ni kwa wazazi wa Goma na upande wa Sake wanaosoma hapa: jihadharini na mazuku. Ile hewa ya ukaa ni nzito kuliko hewa ya kawaida, inajikusanya kwenye mabonde madogo na mashimo, hasa usiku na alfajiri pasipo upepo. Mtu aliyesimama anaweza asisikie kitu, na aliyelala chini kufanya mazoezi pua yake iko ndani yake. Kwa hiyo hakuna mazoezi ya kulala chini katika sehemu iliyozama, hakuna kupita mabondeni alfajiri, na palipo na ndege au panya waliokufa bila sababu pasikanyagwe. Fanyeni kwenye mwinuko, jua likishachomoza. Pia mawe ya lava yanapindua kifundo cha mguu. Tafuteni njia iliyosawazishwa.

Papa_Lushi

Niko Lubumbashi, kwetu hakuna mupando wa kusifia, kwa hiyo vijana wanatumia ngazi au stuli ngumu. Nitajibu ya daftari, kazi za nyumbani na pointi, maana ndipo programu nyingi zinapokataa faili.

Kazi za nyumbani: kuchota maji kunaweza kuhesabiwa, lakini si kila safari ya bombani. Ihesabuni tu ikiwa imepangwa kama kipindi: uzito unajulikana, umbali unajulikana, muda umepimwa, na pumzi inapanda kama alivyoeleza mwalimu. Bidoni ya lita 20 ikijaa inazidi kilo 20. Kwa kijana wa kilo 45 hiyo ni karibu nusu yake, na ikibebwa upande mmoja inampinda uti wa mgongo. Atumie mbili za lita 5, baadaye mbili za lita 10. Salongo (kazi ya pamoja ya usafi) ya Jumamosi nayo inafaa kama anashika koleo au toroli. Andikeni dakika za kazi, toeni zile za kusimama na kuongea. Kufagia na kuosha vyombo msiandike. Mkaguzi akiona hayo, ataanza kutilia shaka hata vipindi vya kweli. Ushauri wangu ni kwamba kazi zote pamoja zisipite masaa 10 kati ya 60.

Nadharia, ikiruhusiwa, nayo iwe kama masaa 8 hadi 10: majina ya misuli mikubwa na kazi yake, mapigo ya moyo, kwa nini mwili unahitaji usingizi na maji, huduma ya kwanza ya kifundo kilichopinduka, na sheria za mchezo mmoja. Ndiyo, sheria za mpira. Kijana asiyecheza anaweza kuzijua vizuri kuliko wanaocheza, na hapo anapata pointi zake kwa haki.

Daftari liwe na safu hizi: tarehe, zoezi, dakika halisi, mapigo au kipimo cha kuongea, ugumu alioona yeye kuanzia 1 hadi 10, maoni mafupi, saini ya mzazi. Mfano wa mstari mmoja: «12/10, kupanda mara 3, dakika 25, anasema sentensi lakini haimbi, ugumu 6, njia ilikuwa na matope». Hayo maneno ya mwisho kuhusu matope ndiyo yanayoonyesha kwamba mtu alikuwepo. Mwisho wa wiki jumlisheni dakika, mwisho wa mwezi jumlisheni wiki. Aandike kijana mwenyewe, siku ileile. Daftari lililojazwa usiku mmoja linajulikana: kalamu moja, mwandiko mmoja, kila kipindi dakika 30 kamili.

Pointi: gaweni 100 hivi. Kuhudhuria 40. Daftari lililotunzwa 20. Maendeleo yake mwenyewe 20. Nadharia 20. Hakuna pointi ya kasi, hakuna pointi ya kumshinda mtu. Maendeleo yanapimwa kwa namba zake za wiki ya kwanza dhidi ya zake za wiki ya 10, 20 na 30.

Kipimo kizuri kisichohitaji uwanja ni cha kipandio. Tafuteni kipandio imara cha sentimita 30. Kwenye simu wekeni mdundo wa mapigo 96 kwa dakika. Kila mdundo ni mguu mmoja: juu, juu, chini, chini. Inakuja kupanda na kushuka mara 24 kwa dakika. Dakika tatu. Akimaliza akae papo hapo, na ndani ya sekunde 5 aanze kuhesabu mapigo ya moyo kwa dakika nzima. Namba ikishuka baada ya miezi, moyo umepata nguvu. Kipandio kiwe kilekile, saa ileile ya siku, asiwe ametoka kula. Akishindwa kumaliza dakika tatu mara ya kwanza, andikeni muda aliofika. Kutoka dakika moja na nusu hadi tatu ni maendeleo makubwa kuliko ya mwanariadha.

Kuhusu Kongo: katika kikao cha kawaida cha Exetat (mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari) siku nne zinakwenda kwa utamaduni wa jumla, kozi za opsheni, sayansi na lugha. Mazoezi ya viungo hayamo. Kwa hiyo mtoto atakayejiandikisha kama otodidakti (mtahiniwa aliyejisomea nje ya shule) hatapoteza pointi hapo. Lakini akirudi shuleni kabla ya mwaka wa mwisho, buletini (ripoti ya pointi) ina mstari wa mazoezi ya viungo, na prefe (mkuu wa shule) anaweza kuuliza alifanya nini. Daftari hilohilo pamoja na maelezo ya kozi mpelekeeni. Uamuzi ni wake.

Mama_wa_Muhumba

Asanteni sana. Mwalimu, binamu yake wa kike wa miaka 13 anataka kujiunga siku za ndani. Yeye anapenda kuruka kamba, kijana anasema hiyo ni ya wasichana. Na siku ya mvua kubwa, wakati hata parseli haifai?

Mwalimu_wa_viungo_Kadutu

Mwambie kijana kwamba mabondia wanaruka kamba, kisha asilazimishwe. Binamu aruke, yeye apande kipandio, wabadilishane wakitaka. Kamba: akanyage katikati kwa mguu mmoja, ncha zifike kwapani, ikizidi, fungeni fundo. Sekunde 10 kuruka, 20 kupumzika, mara 10, kuruka sentimita 2 au 3 tu, juu ya udongo ulioshindiliwa. Saruji kavu inapiga muundi. Binti avae sidiria inayobana vizuri. Wengi wanaacha mazoezi kwa sababu hiyo bila kuisema, na ni mama anayepaswa kuiwaza kwanza. Siku za hedhi aendelee kama anajisikia, apunguze kama tumbo linauma, na pasiwe na maswali mbele ya wengine.

Akipata wenzake, nzango nayo ni kipindi halali: kuruka, kupiga makofi kwa mpangilio, kusoma mguu wa mpinzani. Ina sheria, kwa hiyo programu inayodai mchezo wenye sheria inaweza kuikubali. Ielezeni kwa maneno matatu kwenye maelezo ya kozi, maana Marekani hawaijui. Mazoezi ya dansi ya kwaya pia, ila hesabuni dakika za kusogea, si za kufundishwa nyimbo.

Siku ya mvua, chumbani: dakika 4 kutembea mahali pamoja huku magoti yakipanda. Kisha dakika moja kipandio, dakika moja kutembea taratibu, mara sita. Kisha kukaa na kusimama kwenye kiti mara 10 na pompaji za ukutani mara 10, mizunguko miwili. Mwisho dakika 4 za kunyoosha nyuma ya paja na shavu la mguu, sekunde 30 kila upande, bila kudundadunda. Inafika dakika 24 au 25. Fungueni dirisha, na kama jiko la makala linawaka humo ndani, litoke kwanza.

Kine_Goma

Kwenye ngazi na stuli, mguu wote ukanyage juu, kisigino kisining'inie. Na abadilishe mguu unaoanza kila dakika. Anayeanza na wa kulia tu kwa miezi anaishia na paja moja lenye nguvu na goti moja linalolalamika.